Debe Lenye Kilima

Karatasi yangu ya Hisabati ya mtihani wa majaribio, kidato cha sita, ilirudi na alama ambazo hata shangazi ninayeishi kwake, asiyejua kalkulasi ni mnyama gani, alizitazama akasema, "Hizi mbona chache?" Baba alipokuja kutoka kijijini Mpitimbi, akaisoma, akaikunja taratibu kama kitambaa cha kanisani. Hakunifokea. "Ukishindwa, mwanangu, urudi nyumbani," alisema. "Mahindi hayamkatai mtu."

Alisema kwa upendo, ndiyo maana iliniuma. Mimi nilitaka kujenga madaraja. Kila kijito cha njia ya Mpitimbi nilikwisha kukijengea daraja kichwani, nikiwa nyuma ya bodaboda, na mengine nilikuwa nimeyapaka na rangi. Nikifeli Hisabati, yote hayo yangebaki palepale kwenye bodaboda.

Basi shangazi akanitafutia mwalimu. Alikuwa kijana wa Tunduru aliyemaliza chuo kikuu, amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu hapa mtaani Bombambili, anafuga kuku huku akisubiri ajira. Alikubali kunifundisha jioni kwa malipo ya mahindi, kwa kuwa shangazi huyauza barazani na kuku wa mwalimu walikuwa hawaishi kula. Tulisomea hapohapo barazani, shangazi akipima na kutusikiliza. Ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, kitasa bado kipo. Mwalimu akifika kwenye kitasa, anaruka, anaendelea na hesabu upande wa pili.

Siku aliyopewa debe lake la kwanza, alichukua rula akayasawazisha mahindi yaliyozidi mdomo wa debe. Shangazi akashika kiuno.

"Mwalimu! Unafanya nini?"

"Nasawazisha, mama. Debe limejaa."

"Limejaa wapi? Huku kwetu debe likiwa tambarare ndiyo kwanza linaanza kujaa. Kwani ninyi watu wa Tunduru korosho mnapima kwa rula?"

"Tunapima kwa mizani, mama."

"Ndiyo maana mmekonda!"

Akayarudishia mahindi, akaongeza, mpaka kilima kikasimama juu ya debe na punje zikaanza kuporomoka pembeni. Mwalimu akalibeba kwa hatua za bibi harusi asidondoshe. Mimi nilicheka, na sikuona ajabu yoyote. Nimekulia kwenye kilima hicho. Debe lisilo nacho ni la mchoyo.

Zikapita wiki za mvua na mahindi ya kuchoma. Kalkulasi ikaanza kunizoea, au mimi kuizoea. Mwalimu alinifundisha kwamba ukipanda mlima Matogoro, kuna mahali pamoja ambapo mguu haupandi wala haushuki, na hapo ndipo kileleni. "Hesabu nzima ni kupatafuta hapo, binti. Inshallah utapaona." Nikapaona. Nikawa napaona kila mahali, hata kwenye mgongo wa paka.

Jioni moja akanipa swali: fundi anatengeneza debe la duara lisilo na mfuniko, ujazo wake umetajwa, je, debe liwe na vipimo gani ili bati litumike kidogo kabisa? Nikaandika mlango mzima, nikaruka kitasa, nikamaliza nikiwa natabasamu. Mwalimu akatazama jibu, akatazama mchoro, akarudi juu akasoma mstari kwa mstari.

"Hili si debe," akasema. "Hili ni karai."

"Ndivyo ilivyotoka, mwalimu."

"Hesabu imenyooka kabisa. Lakini hii ya hapa juu ni nini?" Kidole chake kilikuwa kwenye pembetatu niliyochora juu ya mdomo wa debe.

"Kilima."

"Kilima gani?"

"Cha debe. Si umesema ujazo?"

Mwalimu akakaa chini kwenye gunia. Nilikuwa nimeingiza kilima cha mahindi kwenye ujazo, na kwa kuwa debe pana hubeba kilima kikubwa zaidi, debe langu likawa fupi na pana. Alicheka mpaka kuku wake wakaitika kule kwao. Shangazi ndiye aliyekasirika.

"Mtoto amekosea nini? Debe lake si ndilo bora?"

"Bora sana, mama. Ila msahihishaji hajawahi kununua mahindi kwako." Kisha akanigeukia, kicheko kimekwisha. "Sikia, binti. Kujua unajua. Kwenye mtihani pima kile walichokupa, usiwaongezee. Ukiona kidole kinataka kuchora kilima, jiulize: hiki ni mahindi au maji? Maji hayana kilima."

Mwezi wa tano nikaingia chumba cha mtihani. Swali la kalkulasi lilikuwa la tangi linalojazwa maji. Nikachora tangi, na mkono wenyewe, wallahi sikuutuma, ukaanza kupanda pale juu. Nikausimamisha. Maji hayana kilima. Nikafuta, nikachora mstari ulionyooka, na kuanzia hapo namba zikaja zenyewe mpaka mwisho.

Matokeo yalitoka wakati wa mavuno. Mtandao ulikuwa mzito, tukaishika simu watatu barazani, ukurasa ukafunguka kidogokidogo kama mlango wa mtu mwoga. Hisabati: C. Mwalimu alisema "Alhamdulillahi," shangazi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani, na mimi nikalia, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nilimpigia baba. Akauliza, "Daraja la kwetu utaanza lini?"

Shangazi alikuwa ameshavuta debe. Akapima mahindi mapya, akaongeza, akaongeza tena, kilima kikaporomoka sakafuni na kuku wa mwalimu wakawahi. Mwalimu alikuwa na rula mfukoni kama kawaida yake. Hakuitoa. Aliinama, akaokota punje zilizodondoka, akazirudisha juu moja moja.