Moshi wa Gari la Isyong

Pale mjini Lipa, fundi Sebio hakuwa na maneno mengi mbele ya injini. Injini ikiwa inanguruma, alikifungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukilaza juu ya tundu lake. Kikitulia, injini nzima. Kikirukaruka na moshi ukafuka, ringi za pistoni zimekwisha, mwenye gari aanze kuzoea kutembea. Kubembeleza watu hakukuwa sehemu ya kazi yake.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa la Isyong, kumpare wake, maana Sebio ndiye aliyemsimamia mtoto wa Isyong kwenye ubatizo. Kwa gari hilo kuukuu la dizeli Isyong alisambaza nguruwe wa kuchoma kwenye sikukuu za mitaani. Sasa shemeji yake alikuwa amemtafutia udereva Qatar, na nyumbani walishakubaliana: injini ikifa, anakwenda, ikipona, anabaki. Mkewe, Loleng, alikuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kifuniko kiliruka mpaka kwenye tope.

"Basi tena," alisema Isyong, upesi mno. "Imekufa, kumpare. We sema tu."

"Hebu tulia," Loleng alimkata. "Kwani fundi ni wewe?"

Kahawa ya asubuhi Sebio alikunywa na mtu huyu mmoja tu, tangu ujana wao, na hakutaka kumpoteza. Alichomoa mpira unaotoka kwenye pampu ya breki kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, akaliziba tundu kwa kitambaa. Dizeli hizi zina vituko: pampu ikichakaa hupuliza upepo ndani ya injini, na fundi mwenye haraka huzika mzima.

Moshi ulipungua, ukabaki kama mvuke wa chungu cha wali. Kifuniko kilitulia.

"Ni pampu," alisema. "Ringi zako nzima. Gari hili litakuzika, kumpare."

Loleng alilia mbele za watu bila haya, akamwita fundi mtakatifu, kisha akakimbilia nyumbani kupika.

Isyong alibaki. "Hebu pima tena."

Sebio akapima. Kifuniko kilitulia.

"Ngoja nikanyage mafuta."

Aliyakanyaga mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Kifuniko hakikutikisika.

Hapo ndipo Sebio alipomtazama rafiki yake usoni. Uso ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyefiwa.

"Si ungesema tu ni ringi," alisema Isyong kwa sauti ya chini.

Sebio alijifuta mikono, kidole baada ya kidole. Yalimuuma maneno hayo, yalimuuma sana.

"Unataka kwenda, nenda. Ila kamwambie Loleng kwamba ni wewe unayetaka. Injini usiisingizie."

Isyong alikaa nyuma ya usukani, gari likinguruma vizuri kabisa, na hakwenda popote.