Kofi la Wodi ya Wazazi

Nimekosa, na simsingizii mtu. Mimi ni daktari, mtu wa bara, nililetwa kisiwani Mafia kikazi. Pamoja na kutibu, nilikuwa nawafundisha madaktari watarajali, wale waliomaliza chuo na wako kwenye mwaka wa mazoezi. Niliwafundisha kwa makofi, kama nilivyofundishwa mimi, na nilijiona mwalimu hasa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapita wodi ya wazazi. Kitandani kulikuwa na mama mmoja kutoka kisiwa jirani cha Juani, tuliyemzalisha kwa upasuaji jana yake. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Alhamdulillah," akajibu kwa sauti ndogo.

Nikaandika anaendelea vizuri, nikasogea kitanda cha pili. Mwanahawa, mtarajali wangu, mzaliwa wa hapa hapa, akabaki kamshika yule mama mkono.

"Samahani daktari, huyu si mzima. Mikono ya baridi, moyo unakwenda mbio. Kwetu mtu akiulizwa hali husema alhamdulillah hata roho ikiwa yamtoka."

Mgonjwa mmoja akacheka. Basi damu ikanipanda. Nilimzaba Mwanahawa kofi la sikio, akaangukia meza ya dawa, chupa zikapasuka. Nikamkunja kola akiwa bado chini.

"Utanifundisha kazi mimi? Toka!"

Akatoka. Kati ya manesi na watarajali wengine, nani angethubutu tena kunipinga?

Saa sita mchana yule mama alizimia. Tulipomfungua, tumbo lilikuwa limejaa damu. Alifia mezani.

Mumewe alinikaba koo, akanibamiza ukutani mpaka nikaona giza. Aliyenitoa mikononi mwake ni Mwanahawa, shavu likiwa limemvimba. Aibu niliyoiona siku ile siwezi kuieleza.

Nimesimamishwa kazi, na ni haki yangu. Juzi nilimfuata Mwanahawa kwao Miburani, huku huku kisiwani, kumwomba radhi. Akaniamkia shikamoo. Nikakaa kando yake jamvini, nikasema yote, nikalia.

"Hamia upande huu, daktari," akaniambia taratibu. "Sikio hilo halisikii tena."

Ikabidi nianze upya.

Wewe unayefundisha vijana wodini, mkono ukikuwasha utie mfukoni, uwasikilize kwanza. Mimi sikusikiliza, na kuna mtoto kule Juani ananyonyeshwa na shangazi yake.