Kitako cha Baba Mkwe

Neno moja tu ndilo lililonitoa Kindu. Jumatatu jioni mfanyakazi wa gari moshi aliyetoka Kibombo aliingia karakana yetu, ambako mimi ni seremala wa kutengeneza mabenchi ya mabehewa, akasema bila hata kuvua kofia: "Fundi Amisi, shemeji yako Shabani amenituma. Kitako ya baba mukwe imevunjika. Ukuye mbio, mbele ya Jumamosi." Kisha akaenda zake kutafuta chai.

Nilipofika nyumbani na habari hiyo, mke wangu Zaina alipiga mayowe. "Uwi! Baba ameanguka! Kwa umri ule, kitako!" Akaanza kufunga furushi la shuka na chupa ya dawa ya kukanda. Mimi nilimcheka. Baba yake ana kigoda anachokipenda kuliko chakula, na seremala akiambiwa kitako kimevunjika anajua ni pa kukalia. Nilikwenda kwa mkubwa wa karakana, nikaomba kipande cha mvule kilichobaki kwenye benchi la zamani, unene wa vidole vinne, kikavu kama mfupa. Mimi na Zaina tukabishana hadi ugali ukapoa. Mwishowe nikabeba vyote viwili, dawa na ubao.

Jumanne asubuhi nilipanda gari moshi. Zaina alikuwa amenifungia furushi kwa fundo lake, na naomba mlikumbuke fundo hilo: tangu tuoane, miaka minane, sijawahi kulifungua bila kutumia meno. Mafundo ya watu wengine nayafungua kwa vidole viwili. Gari letu lilikula kuni kuliko abiria walivyokula ndizi, na kila liliposimama kupakia kuni tulishuka kununua chikwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa. Cheche zilinitoboa shati mara mbili. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliutazama ubao wangu mapajani, akauliza, "Baba, unatembea na mulango yako?" Nikamjibu kwamba Kibombo wana wezi. Behewa zima likacheka, na tangu hapo nikaitwa Baba Mlango mpaka mwisho wa safari.

Kibombo tulifika alasiri. Shabani, kaka yake Zaina, alinipokea na baiskeli, tukafunga ubao nyuma, tukashika njia ya Tunda, kuelekea kijiji chao, kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Nilimuuliza hali ya baba, akasema baba mzima. Nikaona ninafichwa jambo.

Kijijini, nani alitoka kunilaki? Mzee Ramazani mwenyewe, amesimama wima, mwendo wa askari! Nami, chupa ya dawa mkononi, nikatamka: "Baba, pole na kitako." Astaghafirullah! Mkwe hatamki neno kama hilo mbele ya baba wa mke wake. Shabani aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Mzee aliingia ndani, akarudi na gobori lake. Lilikuwa limekatika shingoni. Nyuma ya kifyatulio hapakuwa na mti wowote.

"Njo hii kitako," alisema, yaani ndicho hiki, akinionyesha palipotoka mti wa kuegemezea bunduki begani.

Gobori hilo ni la risasi moja, la kujazwa baruti kwenye mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki, fimbo yake ya chuma. Si la kale kweli. Ulaya huyatengeneza mapya kwa kuiga ya zamani, na sisi wa huku ndio tunaouziwa. Lakini ndilo pekee kijijini, na bila mlio wake nguruwe wa mwitu huvuna mpunga kabla ya wenyewe. Mzee alijikwaa kwenye kisiki akiwafukuza. Sasa muzungu wa Leta, yaani wa serikali, alikuwa ametangaza ukaguzi: Jumamosi kila mwenye kibali afyatue bunduki yake mbele yake, kwa mkono wake mwenyewe. Isiyofaa inakwenda Kibombo na hairudi. Na nguruwe, ambao sisi hatuwali, wangetula sisi kwa njaa.

"Nipeni kipande cha zamani nikiige," nikasema. Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya mlango, maana kwa mila mimi naye hatuonani uso kwa uso: "Mumuambie mukwe anisamehe. Nimekipikia maharagwe."

Jumatano nilianza kazi ambayo sijawahi kuifanya maishani, lakini ningesemaje mbele ya wakwe kwamba siwezi? Kwanza nilishukuru ujinga wangu. Ningeambiwa habari sawasawa, ningekuja mikono mitupu nikachonga mti mbichi, nao ungepinda kabla ya Ijumaa. Mvule wa benchi ulikuwa tayari. Kitako hupimwa kwa mkono wa mwenye bunduki, kuanzia kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, lakini mkwe kumshika baba mkwe ni mwiko kwetu. Nikampa Shabani kamba. "Nipimie mkono wa kulia wa baba." Shabani alikohoa, akatazama mbali, akaenda kupima.

Kazi ngumu ni kuulaza mtutu ndani ya mti. Hapo nilifanya kama tunavyofanya karakana tukikalisha chuma kwenye ubao: nikachanganya masizi ya chungu na mafuta ya mawese, nikaupaka mtutu, nikaukandamiza kwenye mti na kuuinua. Palipobaki peusi ndipo panapozuia, unapaparura kidogo kwa patasi. Unapaka tena, unaparura tena. Alhamisi adhuhuri mtutu ulikaa kimya kabisa, unywele haupiti. Kitako nikakipinda kidogo upande wa kulia, ili shavu la mpigaji lipate nafasi. Jamani, nilijisifu! Nilikizungusha juani mpaka watoto wakachoka kukitazama.

Alhamisi alasiri mzee alikwenda kulijaribu nyuma ya nyumba, peke yake. Tukasikia mlio mmoja. Akarudi, akasema, "Iko muzuri, mukwe. Mungu akubariki," akaingia ndani haraka.

Ijumaa, tukitoka msikitini, nilimwona mzee uso kwa jua. Shavu lilikuwa limevimba kama andazi. Shavu la kushoto. Nilisimama katikati ya njia. Bunduki ya mtu wa mkono wa kulia hailigusi shavu hilo hata kidogo. Nikamvuta Shabani kando.

"Shemeji, baba ni wa mashoto?"

"Shii!"

"Na wewe umenipimia kulia, umenyamaza?"

"Ningesema namna gani?" alinong'ona kwa hasira. "Baba ya bibi yako, mukono ya kushoto! Urudi Kindu useme tulikupa mutoto ya nyumba gani? Kijiji yote inajua. Wewe tu njo haukupaswa kujua."

Hasira zilinipanda, kisha zikashuka zenyewe. Mzee mzima aliona afadhali apigwe na mti usoni, apoteze na bunduki, kuliko mkwe wake ajue mkono anaoutumia. Na kosa lilikuwa langu pia, niliyepima mtu kwa kudhani. Kilichobaki ilikuwa jioni moja. Nilipaswa kuparura upande ambao shavu lake hulala, lakini kiasi gani? Kumshika siwezi. Kumuuliza ni kumvua nguo.

Hapo yakanijia masizi.

Nilikipaka kitako masizi na mawese pande zote mbili, kulia na kushoto, nikamtuma Shabani amwambie mzee kwamba fundi amekosea. Tafadhali alishike gobori kama anavyolishika shambani, na fundi atageuza mgongo. Nikageuka, nikautazama mpunga. Nikasikia mzee akivuta pumzi.

"Geuka, mukwe."

Niligeuka. Alikuwa ameliweka begani kushoto, jicho kwenye mtutu, shavu jeusi tii.

"Njo hivi Mungu aliniumba," alisema. "Mama yangu alifunga huu mukono na kamba, haikusaidia."

"Baba," nikasema, "mbao hazijui kulia wala kushoto. Ni mimi nisiyejua."

Mzee akacheka, na mama mkwe akacheka nyuma ya mlango. Tulirudia mara sita, mzee akipakwa, nami nikiparura, mpaka masizi yakagusa shavu lote sawasawa pasipo kubana.

Jumamosi asubuhi muzungu alikaa kwenye meza yake, akasoma namba ya bunduki, akaonyesha kwa kidole debe lililotundikwa mbali. Mzee Ramazani alishindilia baruti, akaweka fataki, akalipandisha gobori bega la kushoto mbele ya kijiji, chefu wake, muzungu na mkwe. Debe liliruka! Vigelegele! Mjinga mmoja alinong'ona juu ya mkono, na mzee akamsikia. "Mukono ni yangu," alimjibu, "debe njo ya muzungu." Kibali kikagongwa muhuri.

Jumapili jioni nikapanda gari la kurudi, na Jumatatu nilikuwa kwangu Kindu. Zaina alinidaka mlangoni. "Baba? Kitako?" Nikamsimulia yote, tangu dawa ya kukanda hadi debe. Alicheka mpaka nilipofika kwenye mkono wa kushoto. Hapo akashika kazi ya kufungua furushi la mizigo, ambalo baba yake alikuwa amelifunga tena. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ana nalo njia nzima. Yeye alilifungua mara moja, kwa mkono wa kushoto, kisha akaurudisha mkono huo haraka chini ya kitenge.

Nilitazama fundo. Nilimtazama yeye.

"Miaka minane, Zaina?"

"Mama alisema ungenirudisha," akasema, macho chini.

Nimesafiri nikapima mkono wa kulia wa mzee, na mkono wa mke wangu nyumbani sikuwahi kuutazama. Hilo ndilo nililojifunza, na sikuhitaji kufika Kibombo kulijua. Kilikuwa kimebaki kipande cha mvule. Siku hiyohiyo nilikichonga mwiko wa ugali, bapa lake nikalielekeza upande wa mtu wa mashoto, nikampelekea jikoni uani, alikokuwa na majirani. Aliugeuza, akaujaribu hewani, akaelewa.

Akauhamishia mkono wa kushoto, mbele ya majirani.