Nils Wawili wa Nordal

"Hivi Ardis, nyinyi mlikuja kwa gari la ng'ombe au kwa treni?"

Verna Skogmo aliuliza hayo jikoni mwa kanisa la Nordal, mikono imemjaa unga wa chapati za viazi, na wanawake wakaangua kicheko. Kule Dakota, Marekani, swali hilo halihusu safari. Aliyekuja kwa ng'ombe alifika kabla ya reli, nchi haijawa jimbo. Wa treni alikuta visima vimeshachimbwa. Na mwaka ule wa 1989 jimbo lilikuwa linatimiza miaka mia, kanisa nalo limeagiza jiwe kubwa la kuchonga majina ya familia za mwanzo, kila familia mstari wake, ila kwa ushahidi.

"Kwa ng'ombe," Ardis akasema. "Babu yangu Nils amezaliwa hapa hapa, kabla ya jimbo."

"Ushahidi, shoga. Maneno hata kasuku anayo."

Ardis Brekke alikuwa mjane mpole, mtunza vitambaa vya madhabahu, mtu asiyeomba kitu kwa mtu. Lakini mstari ule aliutaka. Babu Nils ndiye aliyemlea Ardis baada ya baba yake kufariki, ndiye aliyemfundisha kusali kabla ya kula. Jina lake likose kwenye jiwe la kanisa alilolipaka rangi kwa mikono yake? Hapana.

Basi akaenda maktaba ya mjini, akakaa mbele ya mashine ya kusomea nyaraka zilizopigwa filamu, akaisaka ile sensa ya 1885, nchi ilipokuwa bado haijawa jimbo. Macho yakamwuma, hakuondoka. Mwisho akawaona: Halvor Brekke, mkewe Gunhild, na watoto wao Nils, miaka sita, Marit, minne, na Anton, mmoja.

Alirudi na nakala ameikumbatia. Verna akavaa miwani.

"Miaka sita? Mbona kaburi la babu yako linasema alizaliwa mwaka 1888? Au huyo mzee alizaliwa mara mbili?"

"Karani alikosea. Wale walikuwa wanaandika wamepanda farasi."

"Na hao Marit na Anton ni akina nani?"

Ardis hakuwajua. Alidhani ni watoto wa jirani waliohesabiwa kimakosa. Verna akatikisa kichwa: kamati ya jiwe ingetaka cheti cha ubatizo.

Jumatatu wakaenda wote wawili kwa mchungaji, akawafungulia vitabu vya zamani vya kanisa. Ubatizo wa Nils waliupata upesi, mwaka 1879. Ardis akashusha pumzi. "Umeona? Babu yangu huyo, kaburi ndilo limekosea."

Mchungaji alikuwa amefungua kurasa za mazishi, na kidole chake kimesimama. Akasoma polepole, akitafsiri kutoka Kinorwei cha wazee: Februari 1886, Anton Brekke, dondakoo. Marit Brekke, dondakoo. Nils Brekke, dondakoo. Wiki moja. Theluji imeziba njia ya kanisani, wamezikwa nyumbani, kaskazini ya kisima.

"Nils amekufaje," Ardis akauliza, "na mimi nimekaa mapajani mwake?"

Mchungaji akageuza kurasa mpaka 1888. Ubatizo: Nils, mwana wa Halvor na Gunhild. Hapo hata Verna akafunika mdomo. Wote watatu waliijua desturi ya wazee wao: mtoto akifa, anayezaliwa baada yake hupewa jina lake, ili jina lisizikwe. Ardis aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kuifikiria mlangoni kwake. Babu aliishi miaka yote ameitwa jina la maiti, asiseme neno.

"Mmeshinda, Ardis," Verna akasema kwa sauti ndogo. "Wote wawili wamezaliwa kabla ya jimbo. Mlikuja kwa ng'ombe."

Ardis hakumsikia. "Kaskazini ya kisima," alikuwa anarudia. "Ee Mungu wangu. Kaskazini ya kisima."

Kwenye shamba alilomwachia babu palikuwa na kichaka pale pale, cha maua ya zambarau yanayonukia mwezi wa tano. Babu alikuwa akilima anakizunguka. Ukimwuliza, husema udongo wa pale mbaya. Na mwaka jana, ukame ulipokikausha, Duane aliyekodi shamba alimwuliza Ardis akifanyeje, naye akajibu akiwa anaanika nguo, hata hakugeuka: "King'oe."

Ardis na Verna wakaenda shambani, wakamkuta Duane anajaza mbegu kwenye mashine ya kupandia. Pale palipokuwa kichaka palikuwa udongo mweusi, umelainishwa, tayari.

"Bi Ardis! Karibu. Ulisema sawa, pale pamelimika vizuri."

Ardis alitembea mpaka katikati, akapiga magoti. Duane akamtazama Verna. "Kuna nini? Nimekosa?"

"Hujakosa wewe, mwanangu," Verna akamwambia, akamweleza. Duane akaizima mashine, akavua kofia.

Verna akainama, akamshika bega rafiki yake. "Niambie, shoga. Kwenye jiwe tuandike nini? Nitawapelekea kamati leo."

Ardis akaweka kiganja juu ya udongo.

"Mstari wangu uondoeni kwenye jiwe kubwa. Babu ana jiwe lake makaburini, hawa hawana. Naomba jiwe dogo, liwekwe hapa, liandikwe Nils, Marit na Anton. Na wewe Duane, naomba usipande kitu hapa."