Ngoma ya Ng'ambo ya Barabara

Sijawahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya dhahabu. Pale kwenye machimbo ya Nyarugusu nilimwona jirani wa duara letu, yaani shimo tulilochimba, akitoka chini na mawe yaliyomnunulia pikipiki. Nikampa mkono wa hongera, nikaenda kulala. Wivu wangu wote uliishia kwa mama mmoja aliyewauzia wachimbaji wali na maharage, na ambaye kila Jumapili alipiga ngoma katika kanisa lililotazamana na letu.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, lao la miti na turubai. Katikati ilipita barabara ya vumbi. Ibada zilianza kwa wakati mmoja, na nyimbo zikagongana juu ya vichwa vya wapita njia.

Shule niliiacha darasa la tano kwa kuwa sikuweza kutulia. Nikabeba magunia ya mpunga Kagongwa, nikaponda mawe Bugarama, nikafika Nyarugusu nikidhani napita tu. Ngoma ndiyo iliyonishika. Mpigaji wa kanisa alikuwa amerudi kwao, nikaomba kujaribu, na tangu hapo nikawa na mahali ambapo nisipoonekana watu wanauliza.

Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili ya mbina, ngoma zetu za Kisukuma, hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Watazamaji ndio waamuzi. Wakihamia upande wa pili umeshindwa, na unajiona unavyoshindwa huku mikono bado iko kazini. Nimekulia humo. Basi hata kanisani nilipiga nikitazama mlango. Mtu akisimama barabarani nilijua anachagua. Akiingia kwetu, nilipata nguvu. Akielekea kwenye turubai, nilimfuata kwa macho hadi alipoingia.

Wengi walielekea kwenye turubai. Wachimbaji wenye matope hadi kwenye nyusi walisimama kidogo, wakasikiliza, wakageukia kwa yule mama. Nilichotaka ni kimoja tu: Jumapili moja wavuke kuja kwetu.

"Kaka," mwalimu wetu wa kwaya, fundi wa kuchomelea, aliniuliza baada ya ibada, "wewe unampigia Mungu au unaipigia barabara?"

"Kwani humsikii yule mama anavyotuzidi?"

"Namsikia. Anapiga vizuri. Shida iko wapi?"

"Watu wanaenda kule!"

"Si kwa Yesu huyohuyo?"

Wanakwaya wakacheka. Dada mmoja wa sauti ya pili akadakia, "Mwacheni, mwenzenu anaita abiria."

Nikaanza kula kwa yule mama ili niitazame mikono yake.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Kula ushibe, mwanangu. Mbona ngoma yako siku hizi kama unamfukuza mtu?"

Nilitazama mikono yake. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vina makovu ya moto wa jikoni. Sikuona humo siri yoyote, na hilo lilinikera zaidi.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mwalimu kuwa tumbo linauma, nikavuka barabara. Nilikaa nyuma kabisa, nimetega sikio nimsikie akikosea. Hakukosea. Mkono wa kulia uliubeba wimbo, wa kushoto ukaja nyuma kidogo, makusudi, na katika nafasi ile ndogo ndimo waumini walimoingiza makofi yao. Nilifurahi kama mwizi aliyeona funguo zinapowekwa.

Akaniona. Zamu ya kukaribisha wageni ilipofika, akasema mbele ya wote, "Huyu mgeni ni mpigaji. Njoo, ng'wanawane, unipokee, na mimi leo nisali."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Nilipiga kama sijawahi kupiga, na ule mkono wa kushoto nikauchelewesha kama yeye. Vigelegele vikapaa. Watu wakamiminika kutoka barabarani, wakajaa hadi kwenye kamba za turubai. Ng'ambo, kwetu, yalisikika makofi matupu bila ngoma.

Nikageuka nimwone uso. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, amefumba macho, midomo inatembea. Nikaongeza madoido. Hakusikia. Nikaingiza pigo gumu kuliko yote ninayoyajua, ambalo hata wazee wa mbina wangeligeukia. Alizidi kuinama, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Wimbo uliisha naye bado yuko chini. Alipoinuka alijikung'uta kidogo tu, akanishika bega.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa na kiu ya kusali."

Nilisubiri aseme neno juu ya upigaji wangu. Aliichukua ngoma, akaibana katikati ya magoti yake yenye vumbi, akaanza wimbo wa sadaka. Nikasimama pale kati ya watu wote wale waliokuja kwa mikono yangu, nikiyaonea wivu yale magoti.