Kidonge Nilichokitwanga Ramadhani

Mimi ni mjuaji, na Ramadhani ile ujuaji wangu niliuingiza kwenye dawa ya mama yangu.

Nilikuwa nimetoka Soweto, Mbeya, kwenda kufunga naye nyumbani Mlandege, Iringa. Alikuwa amebadilishiwa dawa ya presha, akapewa kidonge kimoja kwa siku, akimeze akishafuturu. Mama akalalamika koo limekauka kwa saumu, kidonge kinamkwama. "Lete hapa," nikamwambia. Nikakitwanga kwenye kinu cha iliki, nikakikorogea kwenye uji wa mchele. Maandishi ya boksi sikuyasoma. Nani anasoma hayo na adhana imeshalia?

Jioni ya kwanza alisema uso unamwaka moto. Nikamcheka: "Mama, hiyo si pilipili manga!" Ya pili moyo ulimwenda mbio, akawa anashika ukuta akienda kutawadha. Nikasema ni njaa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema, na kinu nikakisuuza kwa ajili ya kesho.

Jioni ya tatu, baada ya uji, aliinuka kutoka sijida, akasimama kidogo, kisha akaanguka juu ya mkeka bila kutoa sauti. Mikono yake ilikuwa baridi. Iringa ina baridi, lakini ile haikuwa ya hewa.

Hospitali daktari alipima presha, akapima tena. Nikamwambia kidonge kilitwangwa. Sikusema ni nani aliyekitwanga.

"Dawa hii inazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa ya damu," alisema huku akitundika dripu. "Mishipa inalegea, presha inashuka. Imetengenezwa itoke kidogo kidogo mpaka kesho yake. Mkikiponda kidonge, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo, presha inaporomoka. Ubongo unaweza kukosa damu. Wengine hawaamki."

Tulisubiri. Hatimaye mama akafumbua macho, na daktari akamwinamia.

"Shikamoo, mama. Nani alikuwa anakuponda hiki kidonge?"

Nikageukia dripu. Niliogopa, basi.

"Marahaba. Ni mimi mwenyewe, mwanangu," mama akamjibu. "Huyu amefika leo tu kutoka Mbeya."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akisema uongo. Aliusema pale, ndani ya Ramadhani, na mimi nikaitikia kwa kichwa.