Ntumba na Sheria za Nguzo

Ntumba alikuwa mtu wa kusimama. Chakula alikula amesimama, misa aliisikiliza karibu na mlango, na wageni wakija kwake Manika, mtaa wa mji wa Kolwezi, aliwapa wao viti, yeye akaegemea ukuta akichezea funguo. Marehemu mama yake alikuwa akisema binti huyu alizaliwa na safari miguuni. Kazi yake ilikuwa ukarani katika duka la vipuri vya malori, kazi ya kiti na meza, na nadhani kiti hicho ndicho kilichomfanya ajitafutie mchezo wa kumtoa nje.

Mchezo wenyewe ni kuwinda mahali. Wapo watu duniani, na usiniulize muda wanaupata wapi, wanaosafiri mpaka penye kitu fulani, iwe chemchemi, daraja la zamani au saa ya mnara. Wanakipiga picha, simu inawapa vipimo vya pale kilipo, kisha wanakiweka mtandaoni pamoja na wenzake wa aina hiyo, ili mtu mwingine naye aje akitafute. Kila aina ina walinzi wake, na walinzi ndio wanaotunga sheria na kupiga kura: hiki kinaingia, hiki hakiingii. Ntumba aliomba aina moja tu, akapewa. Nguzo za matangazo. Zile nguzo nene za mviringo zinazosimama peke yazo barabarani, zilizojengwa makusudi zibandikwe karatasi, mtu azunguke akisoma.

Walinzi walikuwa watatu: yeye, Dady ambaye ni mwalimu wa jiografia hapo hapo Kolwezi, na Jeancy, muuza simu wa Likasi. Ungedhani kutunga sheria za nguzo ni jambo la jioni moja. Wapi! Waligombana kwenye simu mpaka Jeancy akatishia kujitoa. Alikuwa ameleta picha ya tangi la maji lililopakwa rangi za bia, Ntumba akalikataa kwa sababu lilijengwa kuweka maji. Dady akaleta mlingoti wa umeme uliovikwa karatasi za waganga na za mikutano ya maombi. Nao ukakataliwa. Kisha mtu wa nchi ya mbali akaleta nguzo nzuri sana, yenye karatasi mpya inayong'aa. Ntumba akaikuza picha kwa vidole, akaona gundi bado inachuruzika. Akamwuliza kwa upole nani kabandika. Yule mtu akakiri ni yeye mwenyewe, nguzo ilikuwa tupu na aliona aibu kuipiga picha ikiwa uchi.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria kubwa kuliko zote. Nguzo lazima iwe hai. Iwe na tangazo la kweli, limewekwa na mtu anayetaka kusomwa, na wawepo wa kulisoma. Karatasi ya mwindaji haihesabiki.

"Ntumba," Dady alimwambia akicheka, "sheria iko musumeno. Inakata mbele, inakata na nyuma."

"Acha ikate. Mi siogope."

Alisema hivyo kwa sababu nguzo aliyoitaka kuliko zote duniani alikuwa nayo karibu. Ilisimama katika kamp ya zamani ya wafanyakazi, kule alikozaliwa, nene, ya saruji, na kofia ya bati juu. Baba yake, Tata Tshiamala, ndiye aliyekuwa mbandikaji wa matangazo wa kampuni iliyoijenga kamp. Alipika gundi ya unga wa muhogo kwenye sufuria, akaipaka kwa brashi ya kuchorea ukuta, akabandika sinema ya Jumamosi, mpira wa Jumapili, chanjo ya watoto, siku ya mshahara. Watu walikuja wakamngoja kama wanavyongojea mkate utoke tanuruni. Ntumba mdogo alibeba ngazi. Alimwona baba yake akiwa mtu mkubwa sana.

Kamp hiyo sasa ilikuwa inakufa. Chini yake kumeonekana madini, na wachimbaji wapya walishaanza kuzungusha uzio. Watu walilipwa wakatawanyika, nyumba zikavuliwa mabati, na aliyebaki katika mtaa ule mzima, ukiacha mbuzi na walinzi wa lango, ni Tata Tshiamala. Naye alikuwa anafunga mizigo aende Mutshatsha kwa dada yake, mwenye shamba. Ntumba alimsihi aje akae kwake Manika. Mzee akamjibu kuwa nyumba ya Ntumba ni kituo cha basi, watu wanapita tu. Jibu hilo lilimchoma.

Alichokitaka Ntumba ni kimoja. Kabla trekta halijaiangusha, nguzo ya baba yake iandikwe mahali ambapo dunia nzima itaisoma, ili asije mtu akasema pale palikuwa na shimo tu. Na nguzo ilikuwa tupu. Nani abandike, amwambie nani? Hata karatasi za zamani zilizosalia, mbuzi walizitafuna kwa utamu wa ule muhogo. Kila siku akitoka kazini alipanda taksi-moto, akaenda, akazunguka nguzo, akarudi. Alimsalimia baba yake bila kushuka kwenye pikipiki. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu wetu alikuwa shimoni mpaka kiunoni.

"Bandika wewe, nitafunga macho," Jeancy alimwandikia.

"Sheria ni sheria," alijibu, kisha akatembea usiku kucha chumbani kama mtu mwenye jino bovu.

Siku ya Jumatano alikuta karatasi. Ilikuwa juu kidogo, mbuzi wasiifikie, na gundi yake ilinukia utoto. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, herufi kubwa za rangi nyeusi: TSHIAMALA ANAENDA. JUMAPILI NYUMA YA MISA. BATU BOTE BA KAMP. Alikuwa akiwaita watu wote wa kamp, Jumapili baada ya misa, waje kumuaga.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kamp ile. Anayehama alibandika, na siku aliyoitaja alikaa uani akangoja. Waliompenda walikuja kunywa naye, na waliogombana naye walikuja kumaliza ugomvi. Kuwaalika kwa mdomo ilikuwa mwiko. Kumwendea mtu na kumwambia njoo uniage, walisema, ni kuomba kupendwa. Unabandika, unanyamaza.

Ntumba alipiga picha pande zote, akazituma kwa walinzi wenzake. Dady akampigia simu papo hapo.

"Tangazo iko ya kweli, ile sikatae. Lakini nani atasoma? Batu baliisha kuhama."

"Beko banapita kutafuta bintu byabo."

"Basi tufanye hivi. Jumapili mi nitakuya. Mutu akifika kwa sababu alisoma ku nguzo, hata mumoja, nguzo iko na uzima, mi napiga kura. Akikosa, iko maiti. Na weye usiite mutu. Hata kwa telefone!"

Angeweza kukataa. Lakini msumeno ulikuwa wake, na asingeweza kuukataa pale ulipomkata yeye. Akakubali. Siku zile tatu alizunguka Kolwezi akiwa na habari mdomoni kama kaa la moto. Alipishana sokoni na Mama Josée, jirani yao wa zamani, muuza samaki wakavu, aliyemnyonyesha utotoni kila mama yake alipolazwa hospitali. Wakaongea bei ya samaki. Ntumba aliondoka akijichukia.

Jumapili ikafika. Tata Tshiamala alivaa suti yake ya kahawia, akaazima mabenchi ya kanisani, akayapanga uani kwa mistari. Kulikuwa na sufuria ya maharagwe, kuku wawili, na ndoo ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho alikikoroga mwenyewe. Dady, aliyetambulishwa kwa mzee kama mwenzake Ntumba wa kuandika nguzo kwenye simu, alikaa pembeni na simu yake, mpole kama daktari. Malori ya madini yakapita nyuma ya uzio, vumbi likatua kwenye mabenchi. Mzee akainuka akayafuta.

Misa zote zilikwisha. Kila pikipiki iliponguruma mzee aliinua kichwa, na kila ilipopita alikishusha, akajifanya anaangalia viatu. Ntumba alitembea kutoka mlangoni hadi getini, kutoka getini hadi mlangoni. Vumbi likatua tena, mzee akafuta tena, mabenchi yale yale, kwa kitambaa kile kile.

"Pengine beko na kazi," alisema.

"Ni Jumapili, Tata."

"Kazi haina Jumapili." Akachukua vikombe, akaanza kuvipindua kimoja kimoja, midomo chini, kama watu wanavyofanya sherehe ikiisha.

Ntumba aliona vile vikombe, na moyo wake ukamkatika. Alimkasirikia Dady, akazikasirikia sheria, akajikasirikia yeye zaidi, kwa kumweka baba yake uani kama kipimo. Akasema chumvi imekwisha. Chumvi ilikuwepo. Akatoka mbio, akasimamisha taksi-moto, akamwambia kijana aendeshe kama anafukuzwa.

Kwa mara ya kwanza ile miguu yake isiyotulia ilikuwa na kazi ya maana. Alimkuta Mama Josée nyumbani, amelegeza kitambaa kichwani.

"Tata anaenda Mutshatsha. Anangoja batu, hakuna mutu. Mama, simama, twende."

"Juu ya nini hukuniambia ku soko?" Mama Josée alifoka.

"Utanipiga kesho. Leo ukifika, useme ulisoma ku nguzo."

"Kudanganya, siku ya Mungu?"

"Zambi iko yangu."

Mama Josée alimtazama, kisha akafunga kitambaa vizuri. Alimwita Muteba, dereva mstaafu wa garimoshi, nyumba ya tatu. Muteba alikuwa hajaongea na Tshiamala tangu walipogombana juu ya ukuta kati ya nyumba zao kule kamp, lakini alitafuta kofia yake bila kuulizwa mara mbili. Muteba akawaita wengine wa kwaya ya kamp. Kila mmoja alimjua mwingine alikohamia, na kila mmoja Ntumba alimpa maneno yale yale. Wakajaza basi dogo, wengine wakafuata kwa pikipiki, na mama mmoja akapanda na jogoo wake hai kwapani, kwa sababu hakuwa na muda wa kutafuta zawadi nyingine.

Ntumba alitangulia na pakiti ya chumvi. Hakukaa sana, getini kukasikika kelele.

"Tata Tshiamala! Weye unaenda hivi hivi?" Mama Josée aliingia mikono juu. "Tulisoma ku nguzo!"

"Tulisoma ku nguzo," wakaitikia wengine nyuma yake, kama watu wanaoitikia padri.

Mzee aliinuka. Alitaka kusema kitu, akashindwa, akaanza kugeuza vikombe upesi upesi. Muteba akaenda akamsaidia, na ugomvi wa ukuta ukaishia hapo hapo kwenye vikombe. Watu walikula, wakacheka, wakataja waliokufa, wakaimba. Dady aliinuka na simu yake akapita benchi hadi benchi.

"Baba, ulijua namna gani?"

"Nguzo."

"Na weye, Mama?"

"Ku nguzo. Kwani fasi ingine ya kusoma iko wapi?" Mama Josée alimjibu bila kupepesa jicho. "Nilisimama nikasoma mpaka mwisho."

Dady alirudi uso umemchanua. Akamshika Ntumba mkono. "Imepita! Si mutu mumoja, kamp muzima! Mi naandika sasa hivi. Jeancy naye anangoja."

Ntumba alimvuta hadi nje ya geti. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na kule mwisho nguzo ilionekana na kofia yake ya bati. Alikuwa ameitaka mno. Kidole cha Dady kilikuwa tayari juu ya simu, na angenyamaza tu, pumzi moja, ingekuwa ndani na hakuna ambaye angejua.

"Usiandike. Nilibaleta miye."

"Bote?"

"Bote. Hakuna mutu alisoma."

Dady alitazama ua, akamtazama yeye. "Ntumba, nani atajua?"

"Yule mutu wa gundi mbichi, tulimukatalia. Andika: haiingie."

Dady aliandika polepole, akitikisa kichwa. Kisha akaweka simu mfukoni. Ntumba alibaki pale kidogo, machozi yakimtoka kwa hasira. Alijifuta kwa upande wa kitenge akarudi ndani.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, koti amelivua, kati ya Mama Josée na Muteba. Aliwaeleza kwa kirefu kwamba gundi siri yake ni kuipika mpaka iwe ngumu kidogo, ndiyo maana watu wameweza kusoma vizuri siku zote hizi. Wao waliitikia, ndiyo, waliona, haikukunjika hata pembe. Alipomwona binti yake alimwita kwa mkono.

"Ntumba! Unaona? Nilikuambia. Ile nguzo yangu ingali inaita batu."

"Naona, Tata."

"Na benzako ba ku telefone, banasema nini? Beko banaikubali?"

Mama Josée aliinamisha macho kwenye sahani yake. Ukiacha ile chumvi, Ntumba alikuwa hajawahi kumdanganya baba yake, hata utotoni.

"Banaikubali, Tata. Imeingia."

Mzee alipiga goti lake kwa kiganja, akamgeukia Muteba kumpa habari, na Muteba akawapa wengine. Wakapiga makofi na vigelegele kwa ajili ya nguzo. Ntumba akapiga nao.